Ukarabati wa Madarasa na Msongamano wa Wanafunzi: Hoja Moja, Si Mbili

Kila vikao vya bajeti vinapokaribia, swali lilelile hurudi katika mikutano ya mitaa ya Mbagala, Charambe na Chamazi: fedha zilizopo zijenge madarasa mapya, au zikarabati yaliyochakaa? Wapo wanaosema mtoto anayekaa sakafuni hawezi kusubiri ukuta upakwe rangi. Wengine hujibu kuwa haina maana kujenga chumba kipya ilhali paa la chumba jirani linavuja. Makala haya yanafafanua fedha za shule hutoka wapi, na kwa nini hoja hizo mbili hazipaswi kutenganishwa.

Chanzo cha msongamano

Sababu ya kwanza ni ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Manispaa ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674. Familia nyingi zilihamia pembezoni mwa jiji kufuata viwanja na kodi nafuu, lakini shule haziwezi kuhama pamoja na watu.

Sababu ya pili ni mafanikio ya sera. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne pamoja na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Watoto waliokuwa wakikwama nyumbani kwa kukosa michango waliandikishwa, ila vyumba vilibaki vilevile. Shule ya Msingi Majimatitu iliyopo Mbagala ni miongoni mwa zilizotajwa mara kwa mara katika vyombo vya habari kwa wingi wa wanafunzi wake.

Fedha zinatoka wapi

Shule ya msingi hupata ruzuku ya uendeshaji kutoka Serikali Kuu. Kiwango kilichowekwa ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo Sh 4,000 hubakizwa kwa ununuzi wa vitabu na Sh 6,000 hupelekwa shuleni. Fedha hizo hugharamia chaki, mitihani, utawala na ukarabati mdogo.

Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 2,000. Ruzuku yake ya mwaka mzima ni Sh milioni 12. Katika mipango ya kitaifa ya ujenzi ya mwaka 2021 na 2022, darasa moja lilitengewa Sh milioni 20. Hivyo ruzuku ya shule nzima haitoshi kujenga hata chumba kimoja.

Ndiyo maana madarasa mapya hutegemea vyanzo vingine: mapato ya ndani ya Halmashauri, Mfuko wa Jimbo, na miradi ya kitaifa kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari. Mwaka 2021, fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchini. Bati lililotoboka na sakafu iliyochimbika, kwa upande wake, husubiri kwa sehemu kubwa ile Sh 6,000.

Chumba kimoja, mikondo miwili

Mwongozo wa Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Ikiwa shule ya mfano wetu ina vyumba 20, kila chumba kingekuwa na wanafunzi 100. Ikisoma kwa zamu mbili, idadi hushuka hadi 50. Zamu hupunguza msongamano, lakini pia hupunguza saa za kusoma na kuchakaza majengo haraka zaidi, kwa kuwa madawati, sakafu na vyoo hutumika kutwa nzima. Ruzuku haiongezeki kwa sababu hiyo, kwani huhesabu vichwa, si saa.

Sasa vyumba viwili vikifungwa kwa paa bovu, mikondo minne hukosa mahali. Vyumba 18 vilivyobaki hubeba zaidi ya wanafunzi 55 kwa kila zamu. Hapo ndipo ukarabati uliocheleweshwa hugeuka kuwa msongamano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo utajengwa kwa fedha iliyokusudiwa darasa jipya.

Hata hivyo, ukarabati pekee hautoshi. Shule yenye vyumba 20 inayohitaji 45 lazima ijengewe. Pale ambapo kiwanja kimebanwa na makazi, njia zilizopo ni kujenga kwa ghorofa au kutafuta eneo la shule mpya. Utaratibu wenye busara ni kuokoa kwanza vyumba vinavyokaribia kufungwa, kisha kuongeza vingine.

Nafasi ya mkazi

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Hoja huanzia mkutano wa mtaa, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, kisha hufika Baraza la Madiwani. Mzazi anaweza pia kuihoji kamati ya shule kuhusu mapato na matumizi ya ruzuku.

Michango ya hiari inaruhusiwa, lakini hakuna mwanafunzi anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Baada ya agizo la Rais John Magufuli la Januari 2018, walimu hawakusanyi michango. Anayetaka kuchangia huwasilisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Mkazi anayehudhuria mkutano ujao aende na takwimu tatu za shule ya mtaa wake: idadi ya wanafunzi, idadi ya vyumba vinavyotumika, na idadi ya vyumba vilivyo hatarini kufungwa. Takwimu ya tatu ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo itakayoonyesha watoto wangapi watakosa pa kukaa mwakani.