SOMO: MSINGI WA DUKA HAUGUSWI

Katika somo hili tunaeleza kosa tulilolifanya wenyewe, ili tawi lingine lisilirudie.

Ushirika wetu wa Nakivale huwauzia wateja wa Mbarara maharagwe na vikapu kwa njia ya intaneti. Duka letu linatumia WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003, pamoja na WooCommerce iliyotoka mwaka 2011. Zote ni za bure, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuzibadili. Basi tulipotaka nauli ya mzigo ihesabiwe kwa kilo, tulifungua faili la ndani la WooCommerce tukaandika humo humo. Likafanya kazi, tukafurahi.

Toleo jipya lilipokuja, mafaili ya zamani yalifutwa yakawekwa mapya. Hesabu yetu ikafutika nayo. Kwa siku tisa wateja walilipa bila nauli, na ndugu zetu wa pikipiki walikwisha kubeba magunia. Jasho lao lilidai haki yake. Tuliwalipa kutoka mfuko wa ushirika.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: tuliogopa matoleo mapya, tukayazuia. Hiyo ni hatari. Toleo la WordPress 4.7.2, lililoziba tundu kubwa, lilitolewa tarehe 26 Januari 2017. Waliochelewa kulipokea walikuta kurasa zao zimeandikwa upya na wageni.

Tufananishe na mkataba wa kazi. Nakala iliyokwisha kutiwa sahihi haifutwifutwi kwa kalamu. Mkiwa na jambo la mahali penu, mnaandika nyongeza. Na duka ni hivyo hivyo:

1. Msiandike chochote ndani ya folda za wp-admin na wp-includes, wala ndani ya folda ya WooCommerce.

2. Jambo lenu liwekeni katika plagini yenu ndogo. Watengenezaji wameacha kulabu ndani ya programu. Plagini hutundikwa hapo bila kukata kitu. Toleo jipya likija, plagini yenu haifutwi.

3. Katika faili la wp-config.php, wekeni DISALLOW_FILE_EDIT kuwa true. Hapo hakuna atakayehariri plagini akiwa ndani ya ukurasa wa usimamizi. Msiichanganye na DISALLOW_FILE_MODS, ambayo huzuia hata matoleo mapya.

4. Kagueni. Amri ya wp core verify-checksums hulinganisha mafaili ya msingi na yale ya asili, ikataja lililoguswa. Kwa WooCommerce ni wp plugin verify-checksums woocommerce.

5. Kabla ya kupokea toleo jipya, hifadhini nakala ya duka zima. Baada yake, jaribuni oda moja ya Mbarara na mtazame nauli.

Maswali ya kujadiliana tawini:

(a) Nani kati yetu ana ufunguo wa duka, na nani humkagua?

(b) Hesabu ikipotea leo, nani atakuwa wa kwanza kukosa ujira wake?

Fundi akiondoka, kazi ibaki. Umoja ni nguvu!