Printa Mpya, Kompyuta Kongwe: Niliyojifunza kwa Kuumbuka

Mzee mmoja mwenye duka la vipuri hapa Dar es Salaam alikuwa na kompyuta ya Windows XP. Hesabu zote za stoo zilikaa kwenye programu ya DOS, na printa yake ya madoti ilikuwa imekufa. Nikamwambia, "Mzee, kesho tu unaprinti." Kesho hiyo ilikuja baada ya wiki tatu.

1. Waya kuingia si kuelewana

Programu ile iliijua njia moja tu, LPT1, tundu la matobo 25. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na printa mpya ya USB, waya wa kutoka tundu hilo hadi USB, pamoja na kiunganishi. Kila kitu kikaingia sawasawa, kisha kimya. "Fundi, hata kuguna haiguni?" Kumbe waya ule hufanya kazi upande mmoja: kompyuta mpya kwenda printa ya zamani. Ukiugeuza, ni kamba ya kuanikia nguo.

2. Uliza lugha kabla ya bei

Tena printa yenyewe niliichagua kwa urahisi wa bei. Printa za namna hiyo huiachia kompyuta kazi ya kuchora ukurasa, kwa draiva ya mtengenezaji, na yake haikuitambua XP. Maandishi matupu ya DOS ndiyo kabisa haikuyaelewa. Iliyotuokoa ni printa ya leza inayojua PCL, lugha ya printa. XP ina draiva za leza za zamani za PCL, kama HP LaserJet 4. Tukaiunga kwa waya wa mtandao, nikaishea, kisha kwa amri ya "net use" nikaielekeza LPT1 huko. Intaneti nilikata: XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014.

3. Bonyeza kabla ya kufungua

Ankara ya kwanza haikutoka. Nikafungua kifuniko, nikachomoa tona, nikaitikisa mpaka shati likawa la mchoma mkaa. Mjukuu wa mzee akabonyeza kitufe kilichokuwa kinawaka-waka. Karatasi ikatoka, mistari 14, safi. Programu ilizoea karatasi ndefu isiyokatika, haikuwa ikituma amri ya kutoa ukurasa, na leza ilikuwa inangoja ukurasa ujae. Niliongeza amri hiyo, msimbo namba 12, mwishoni mwa kila ankara, basi.

Nawe ukienda kununua printa ya kompyuta kama hiyo, soma boksi. Usipoona PCL, rudisha rafuni.