Nakala Mbili Kabla ya Kufuta: Jinsi ya Kulinda Laptopu ya Nyumbani kwa Diski ya Nje

Bei ya laptopu inajulikana. Ikiibiwa au ikimwagikiwa chai, mtu hujikusanya akanunua nyingine, hata kama ni ya mtumba. Kisichouzwa dukani ni vile vilivyokuwa ndani yake: picha za mtoto tangu azaliwe, tasnifu iliyofika sura ya nne, hesabu za duka za miaka mitatu, hati ya kiwanja iliyoskaniwa. Vitu hivyo huokolewa na nakala iliyokuwa imewekwa mahali pengine kabla ya siku ya balaa.

Watu wengi wana diski ya nje, na wengi wao wanaamini wamekwisha kujilinda. Lakini tazama wanavyoitumia. Laptopu ikijaa, huhamishia picha na video kwenye diski, kisha huzifuta kwenye laptopu ili wapate nafasi. Hapo hakuna nakala yoyote. Faili ni ileile moja, na sasa imekaa kwenye chombo kidogo kinachoweza kudondoka au kupotea kwa urahisi kuliko laptopu yenyewe. Kwa hiyo shika kanuni hii kabla ya nyingine zote: faili ya thamani haifutwi popote mpaka iwe imebaki mahali pengine pawili.

Usitegemee kwamba fundi atairudisha. Laptopu nyingi za sasa hutumia SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka. Ukifuta faili kwenye SSD, mfumo huiarifu diski kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo diski huisafisha yenyewe. Faili ambayo kwenye diski za zamani ingeweza kufufuliwa kwa programu maalumu, kwenye SSD mara nyingi haipatikani tena.

Diski ya kununua

Anza kwa kuangalia laptopu yako inatumia nafasi kiasi gani, kisha nunua diski yenye angalau mara mbili ya hiyo. Laptopu ya GB 256 inatoshwa na diski ya GB 500, na ya TB 1 itakupa nafasi ya miaka. Usishtuke diski ya TB 1 ikionyesha GB 931 kwenye Windows. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna kilichoibiwa.

Kuna diski kubwa za mezani zinazohitaji waya wake wa umeme, na kuna ndogo zinazopata umeme kutoka kwenye laptopu kupitia USB. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika, chukua ndogo. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, betri ya laptopu huendelea kuiendesha, ilhali ile kubwa huzimika papo hapo na inaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Ukiinyanyua au kuigonga inapofanya kazi, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Iweke juu ya meza imara, usiisogeze hadi imalize. SSD ya nje huvumilia misukosuko zaidi na ina kasi kubwa, ila bei yake iko juu kwa nafasi ileile. Kwa nakala za nyumbani diski ya kawaida inatosha, mradi itunzwe.

Jihadhari na diski au fleshi inayodai TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Vifaa hivyo hughushiwa ili vijitangaze kuwa na nafasi visivyokuwa nayo. Mwanzoni faili zinaingia bila tatizo, na nafasi halisi ikijaa, zinazofuata hupotea au huandikwa juu ya zile za awali. Programu za bure H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux huijaza diski data ya majaribio kisha huisoma yote tena kuhakikisha. Kazi hiyo huchukua saa nyingi kwa diski ya TB 1. Ifanye siku uliyonunua, diski ikiwa tupu na risiti ikiwa bado mkononi.

Angalia pia imeandaliwa kwa muundo gani. Diski ya FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, ndiyo maana video ndefu ya harusi hukataa kuingia hata kama nafasi ipo. NTFS inafaa kwa Windows. Mac huisoma NTFS lakini haiandiki juu yake, kwa hiyo kama nyumba ina aina zote mbili, tumia exFAT. Kubadilisha muundo hufuta kila kitu, basi amua mapema.

Nini kinakiliwe

Programu zenyewe hazinakiliwi hivi. Word au mchezo wa kompyuta utawekwa upya, na kinachohitajika ni leseni zake ziwe zimeandikwa mahali. Kinachonakiliwa ni kazi za mikono yako. Kwenye Windows nyingi hukaa ndani ya folda ya jina lako, katika diski C, chini ya Users: humo mna Desktop, Documents, Pictures, Videos na Downloads.

Downloads husahaulika sana, na humo ndimo vinamojificha vyeti, risiti za kodi na fomu ulizotumiwa kwa barua pepe. Angalia pia programu ya hesabu za biashara inaweka wapi data yake, kwa kuwa baadhi huiweka nje ya Documents. Hamisha alamisho za kivinjari ziwe faili. Picha za simu, zikiwemo zilizoingia kwa WhatsApp, ziingize kwenye laptopu kwanza ili nazo zipate nakala.

Kwenye Windows 11 kuna mtego mwingine. Mara nyingi Desktop na Documents huunganishwa na OneDrive, na faili yenye alama ya wingu haipo kwenye laptopu, ipo kwenye intaneti tu. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device, subiri faili zishuke zote, ndipo unakili.

Nakala ya kwanza, kwa mkono

Chaji laptopu na uache chaja ikiwa imechomekwa. Zuia laptopu isilale katikati ya kazi. Funga Word, Excel, Outlook na kivinjari, kwa sababu faili iliyo wazi inaweza kurukwa. Chomeka diski kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani. Tofauti ni kubwa: GB 200 kupitia USB 2 zinaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi, na kupitia USB 3 nusu saa hadi saa moja hivi. Maelfu ya faili ndogondogo huchelewesha zaidi kuliko video chache kubwa.

Kwenye diski tengeneza folda yenye tarehe, kwa mfano Nakala 2026-01-31. Mwaka ukitangulia, folda zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Chagua folda zako kwenye laptopu, bonyeza Ctrl na C, ingia kwenye folda mpya, bonyeza Ctrl na V. Ctrl na X usiiguse, maana hiyo huhamisha.

Kazi ikiisha, linganisha. Bofya folda ya asili kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, soma idadi ya faili na ukubwa, kisha fanya hivyo kwenye nakala. Namba zikitofautiana, kuna kilichorukwa, na hapo ndipo pa kukitafuta. Mwisho iondoe diski kwa Eject, usubiri ujumbe wa ruhusa kabla ya kuvuta waya, kwani mfumo unaweza kuwa bado unamalizia kuandika.

Nakala zinazojiendesha

Nakala ya mkono ya kila mwezi ni mwanzo mzuri, lakini binadamu husahau. Windows ina File History ndani ya Control Panel, sehemu ya System and Security. Chomeka diski, fungua File History, bofya Turn on. Kwa kawaida hunakili kila saa diski inapokuwa imechomekwa, na huhifadhi matoleo ya awali ya faili. Ukiharibu sura ya tasnifu leo na kuisevu, ile ya jana bado ipo. Haichukui kila folda, kwa hiyo tazama orodha yake na uongeze zilizobaki kwa kuziingiza kwenye Library.

Wenye Mac wana Time Machine tangu 2007. Iko ndani ya System Settings, sehemu ya General. Huweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, kisha hufuta za zamani zaidi diski inapojaa. Mara ya kwanza inaweza kutaka kuisafisha diski yote, kwa hiyo usiipe diski yenye vitu vingine. Anayetumia Ubuntu ana programu ya Déjà Dup.

Baada ya kunakili, chomoa

Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa katika nchi zipatazo 150, ikifunga faili za watu na kudai malipo ili zifunguliwe. Programu za namna hiyo hazichagui. Zinafunga faili za laptopu pamoja na za diski yoyote zinayoikuta imechomekwa. Radi au umeme wenye nguvu kupita kiasi navyo vinaweza kupita kwenye chaja vikaunguza laptopu pamoja na kilichounganishwa nayo. Diski ichomekwe wakati wa kunakili, na muda mwingine ikae kabatini, mbali na sumaku, jua na vumbi. Wakazi wa pwani waiweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, kwani hewa ya chumvi hula vyuma na tundu za waya.

Kabatini kwako bado hapatoshi. Mwizi anayechukua laptopu huchukua na diski iliyo kando yake, na moto au mafuriko hayabagui vyumba. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni inayofuatwa hadi leo: kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vihifadhi, na moja iwe nje ya jengo. Kwa familia hilo linawezekana bila gharama kubwa. Nunua diski ya pili, iache kwa dada au shangazi, na mbadilishane kila mnapotembeleana. Nyaraka chache za lazima, kama vyeti na vitambulisho, ziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 za bure zinazogawanywa kati ya Drive, Gmail na Photos.

Diski inayotoka nyumbani ifungwe kwa nywila. Windows Pro ina BitLocker, Mac ina chaguo la kusimba ndani ya Time Machine, na VeraCrypt ni ya bure kwa wote. Nywila ya namna hii ikisahaulika, data imekwenda. Iandike kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Papo hapo andika na ufunguo wa kurejesha wa laptopu yenyewe, maana laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski yao bila mwenyewe kujua.

Jaribu kurudisha

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba ya aina hii huoza isipokaguliwa. Mwaka 1998, studio ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyoingizwa kimakosa ilianza kufuta mafaili ya filamu, na sehemu kubwa ikapotea. Nakala za studio zilikuwapo, ila walipozigeukia wakagundua kuwa hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Ikiwa studio yenye wataalamu iliamini nakala ambayo haikujaribiwa, sisi wa majumbani tuna sababu zaidi ya kujaribu.

Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, chomeka diski kwenye kompyuta nyingine ikiwezekana. Chagua picha ya zamani, waraka wa juzi na video moja. Zinakili kwenye folda mpya uliyoiita Jaribio, kisha uzifungue. Video itazame hadi mwisho. Kama unatumia File History, pitia Restore personal files na urudishe toleo la wiki iliyopita. Diski ikitoa sauti ya kugongagonga, ikichelewa kuliko kawaida, au ikitoweka na kurudi kwenye orodha, nunua nyingine siku hiyo na unakili upya kutoka kwenye laptopu. Hata isipolalamika, ikifika miaka mitano ipumzishe.

Siku ya jaribio mwite na mtu mwingine wa nyumbani, mke, mume au mtoto aliyekua, akae kwenye kiti chako arudishe faili mwenyewe huku ukimtazama. Ajue diski ya pili iko kwa nani na karatasi ya nywila iko wapi. Picha na hati hizi ni za familia nzima, na ikitokea wewe haupo, wao ndio watakaozihitaji.