SOMO LA AFYA NA USTAWI: ALIYEACHA POMBE AKIRUDI, ATALALA NYUMBA GANI?

Ndugu mwananchi wa Kata ya Mugoma, somo la toleo hili linahusu jambo ambalo karibu kila kitongoji kinalijua, ila huzungumzwa kwa kunong'ona. Ni habari ya mtu aliyezidiwa na pombe, akakubali kutibiwa, akatibiwa, kisha akarudi nyumbani.

Tuchukue mfano. Baba wa familia, mkulima wa migomba na kahawa, amekunywa tangu ujana wake. Miaka ya karibuni huamka akitetemeka, na mkono hautulii mpaka apate kikombe cha kwanza. Shamba limeota magugu. Ndugu wanachanga fedha, wanampeleka mbali akatibiwe. Baada ya miezi mitatu anarudi amenawiri, macho meupe, anawauliza watoto habari za shule. Majirani wanakuja kumpongeza, na wa kwanza anakuja na kibuyu cha rubisi na mirija yake, maana ndivyo mtu aliyetoka safari alivyopokelewa tangu enzi za mababu. Nyuma ya nyumba, mtumbwi wa kukamulia ndizi uko pale pale alipouacha. Ndio uliowanunulia watoto madaftari wakati yeye hayupo. Mwezi hauishi, amerudia hali yake ya zamani. Ndugu wanasema fedha zao zimepotea, na wengine wanaanza kutaja uchawi.

Kauli ya somo hili ni kwamba matibabu yale hayakuwa ya bure. Yalifika mwisho wa kazi yake, na palepale ilipotakiwa kuanza kazi ya nyumba, nyumba haikuwa tayari.

Ugonjwa wenyewe

Si kila anywaye ni mgonjwa. Utegemezi wa pombe hutambulikana kwa mambo machache: mtu anashindwa kujizuia akishaanza, anahitaji pombe nyingi zaidi ili apate kile alichokuwa akikipata kwa kidogo, anaendelea kunywa ingawa anaona madhara, na mwili unamsumbua asipokunywa. Daktari mmoja wa Marekani, John Ewing, alitunga maswali manne mepesi ambayo yametumika katika vituo vya afya vya nchi nyingi. Kwa maneno yetu ni haya: Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze kunywa? Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako? Je, umewahi kujisikia una hatia kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi, mara uamkapo, ili utulize mwili au uondoe uchovu wa jana? Anayejibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi anafaa kuonana na mtaalamu. Maswali haya hujibiwa na mhusika mwenyewe. Mke au kaka akimjibia, hugeuka kuwa mashtaka.

Kukatisha ghafla

Hapa tunamwomba msomaji asome taratibu, kwa kuwa kosa linaloelezwa hapa hutendwa kwa upendo. Familia iliyochoka humfungia mlevi wake chumbani na kumnyima pombe ili "itoke mwilini". Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, jambo hilo linaweza kumwua.

Sababu ni hii. Pombe huupoza ubongo. Nao ubongo, ili uendelee na kazi, hujizoeza kwenda mbio zaidi. Pombe ikiondolewa kwa mara moja, ubongo hubaki ukienda mbio bila cha kuuzuia. Kati ya saa 6 na 24 baada ya kikombe cha mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda kasi na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza mtu anaweza kupatwa na degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa: huona wadudu ukutani, husikia sauti, homa hupanda, hawatambui ndugu zao. Ndipo watu husema amerogwa, wakampeleka kwa mganga, na saa za kumwokoa zikapita.

Hali hii inatibika. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepamu, ambayo hupunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi. Hupewa pia vitamini B1, iitwayo thiamini, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Dawa ya kutuliza isinunuliwe dukani na kutolewa nyumbani. Ikichanganyika na pombe inaweza kuzuia pumzi. Njia iliyo salama ni kuanzia zahanati ya kijiji, na kutoka hapo kupewa rufaa ya hospitali, iwe Nyamiaga, Murgwanza au Rulenge. Mgonjwa aliyewahi kupata degedege, mjamzito, mzee, au mwenye ugonjwa wa ini au wa moyo asijaribu kabisa kuacha ghafla akiwa nyumbani. Na akiwa bado anasubiri safari ya hospitali, asinyimwe pombe kwa nguvu njiani. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ndivyo ilivyo.

Siku hizo za mwanzo zikipita salama, mwili unakuwa umetoka katika hatari. Siku saba, kumi, basi. Watu wengi hudhani hapo kazi imekwisha.

Makazi ya upataji nafuu

Baada ya hospitali, wapo wanaohitaji kukaa kwa muda mahali pasipo na pombe, pamoja na wenzao wenye nia moja. Nchini kwetu makazi hayo huitwa nyumba za upataji nafuu, na wengi huzijua kwa jina la soba hausi. Zanzibar ndiko zilikopata umaarufu mapema, zikiendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa waraibu wenyewe na kupata nafuu. Baadaye zikaenea Tanzania Bara. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya waraibu wa heroini, ila huwapokea pia walioshindwa na pombe. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, ndiyo inayoziratibu. Kwa upande wa tiba, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma tangu mwaka 1927, na kwa Kanda ya Ziwa ipo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, yenye idara ya magonjwa ya akili.

Maisha ndani ya nyumba hizo hayana siri. Watu huamka kwa saa maalumu, hufagia, hupika kwa zamu, hukaa duara na kusimulia waliyotenda na waliyotendewa, hufundishwa namna ya kuitambua tamaa inapokuja na namna ya kuipisha. Mengi katika mikutano hiyo yanafuata hatua kumi na mbili za chama cha walevi waliopata nafuu kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Mtu hukaa miezi kadhaa, na gharama mara nyingi hubebwa na familia.

Familia isitume mtu wala fedha kabla ya kuuliza. Je, nyumba imesajiliwa? Ni nani huwaona wanaotetemeka siku za kwanza, mganga wa hospitali au mlinzi? Je, mgonjwa aliingia kwa hiari, na ndugu wanaruhusiwa kumtembelea? Mahali popote panapofunga watu minyororo, panapowapiga au panapowanyima chakula "ili wajifunze" si mahali pa tiba, hata kama pana kibao kizuri barabarani. Swali la mwisho, ambalo wengi hulisahau: siku atakapotoka, mna mpango gani naye?

Nyumba ya kurudia

Swali hilo ndilo kiini cha somo. Katika jimbo la Illinois, Marekani, watafiti wakiongozwa na Leonard Jason waliwafuatilia watu 150 waliokuwa wametoka kwenye matibabu ya ulevi na dawa za kulevya. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kuishi katika nyumba za pamoja za watu walioacha. Nusu nyingine waliendelea na huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia tena pombe au dawa walikuwa takriban 31 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na takriban 65 katika kila 100 kwa kundi la pili. Wote walikuwa wametoka kwenye matibabu. Kilichowatenganisha ni mahali walipolala na watu waliokula nao.

Nyumba hizo zina historia inayofaa kusimuliwa. Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, jimbo la Maryland, halmashauri ya eneo hilo iliamua kuifunga nyumba ya watu waliokuwa wakipata nafuu kwa kukosa fedha. Wakazi wake, akiwamo Paul Molloy, hawakutawanyika. Waliipangisha nyumba wenyewe. Kanuni zao ni chache mno: viongozi huchaguliwa na wakazi, kila mtu hulipa sehemu yake ya kodi, na anayekunywa huondoka mara moja. Hakuna daktari anayekaa humo wala mlinzi getini, na hakuna aliyepangiwa siku ya kutoka.

Kwa kaya nyingi za kata yetu nyumba ya namna hiyo iko mbali, na safari ya Dodoma kupitia Kahama, Nzega na Singida si ya kila mfuko. Lakini kanuni zile hazihitaji nauli. Tuzitazame katika kaya yetu ya mfano.

La kwanza ni mtumbwi wa ndizi, na hili ni gumu. Tusilipitie juu juu. Mama wa kaya ile hapiki pombe kwa kupenda. Anapika kwa kuwa mwanamume alikuwa hazalishi, na watoto walitaka sare. Kumwambia aache ghafla ni kumkata mkono wake wa pekee uliokuwa ukifanya kazi. Linalowezekana ni kuhamisha kazi ya kukamua na kuuza iende kwa dada au shemeji, apate sehemu yake, au kuuza ndizi mbichi na maharage kwa kipindi hicho. Ikishindikana kabisa, basi asihamishwe mtumbwi, ahamishwe mtu: alale kwa baba mdogo au kwa kaka asiyekunywa, afanye kazi mchana kwake na jioni aondoke. Jioni ndiyo saa mbaya. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, na kumhamisha mtu kwa miezi mitatu si aibu. Wapo wanaohamia kisiwani kuvua kwa muda mrefu kuliko huo na hakuna anayewasema.

La pili ni heshima. Kwetu kukataa kinywaji cha mwenye nyumba huonekana kama kumdharau, na katika kutoa mahari au kumaliza matanga kibuyu huzunguka. Mtu aliyeacha hawezi kujitetea peke yake mbele ya wazee kila wiki. Mzee mmoja anayesikilizwa aseme mapema, kabla ya shughuli, kwamba huyu atapewa maji ya ndizi yasiyochachuka au chai, na habari iishie hapo. Neno la mzee likitangulia, kijana hatakiwi kueleza ugonjwa wake mbele ya wageni.

La tatu ni fedha. Malipo ya kahawa huja kwa mkupuo, na fedha ya mkupuo mkononi mwa mtu aliyeacha juzi ni mtihani mkubwa. Wakubaliane mapema, yeye akiwapo na akiridhia, kwamba fedha ipokelewe na watu wawili au iingie katika kikundi cha kuweka na kukopa. Asiporidhia, asilazimishwe, atakachofichwa atakitafuta.

Halafu kuna kurudia. Wengi hurudia angalau mara moja, hata waliokaa katika nyumba nzuri. Katika nyumba za Maryland anayekunywa huondoka, lakini anaweza kuomba kurudi akishatulia, na kaya inaweza kufanya hivyo bila ugomvi: usiku huo asilale penye watoto, kesho yake aende zahanati, hasa kama amekunywa siku kadhaa mfululizo, kwa kuwa hatari ya kukatisha ghafla inarudi nayo. Asihukumiwe kikao kikiwa bado kinanuka pombe. Kikao kikae siku ya tatu, kiulize alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, na ni kitu gani kilitangulia. Mara nyingi jibu ni dogo sana: alipita njia ya sokoni badala ya ile ya kisimani, au alibaki peke yake siku ya mvua.

Afisa Ustawi wa Jamii na mhudumu wa afya wa kitongoji wanaweza kuitwa katika kikao hicho, na pia kabla mgonjwa hajarudi kutoka alikotibiwa. Kaya inayotarajia mtu wake mwezi huu ianze kwa kutembea kuzunguka nyumba yake mchana, na kutazama kila chombo kilichopo nyuma.