Daraja la Kaboni Kati ya Chuma na Chuma

Kila mmoja wetu amepata kuonywa asilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ubaya wake ni kwamba hushikamana sana na chuma. Damu yetu ina atomu za chuma zichukuazo oksijeni, na gesi hii huzishika kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 hivi. Basi mtu hukosa oksijeni, na huku anavuta pumzi.

Tabia hiyohiyo ndiyo somo letu la leo. Molekuli ya gesi hii ina kaboni moja na oksijeni moja, nasi huiandika CO. Ijishikizapo kwenye atomu ya metali, huitwa ligandi. Upande unaoshika ni ule wa kaboni.

Tuanze na chuma kimoja. Mwaka 1891 wataalamu walitangaza kupatikana kwa Fe(CO)5, kitu cha majimaji chenye rangi ya manjano, nacho ni sumu kali. Atomu ya chuma ina elektroni 8 za nje, na kila CO huleta 2. CO tano huleta 10, na jumla ni 18. Hesabu hiyo ya 18 ni kama shibe: ikitimia, mara nyingi molekuli hutulia.

Mwaka 1905 James Dewar na H. O. Jones, huko Uingereza, walieleza kwamba kitu hicho kikiwekwa kwenye mwanga, hutokea vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu. Hiyo ni Fe2(CO)9: chuma mbili, CO tisa. Je, tisa hugawanywaje kwa wawili? Jibu lilipatikana mwaka 1939, Powell na Ewens walipoichunguza kwa eksirei. Kila chuma kina CO tatu zake peke yake. Tatu zilizobaki zimesimama katikati, na kaboni ya kila moja imeshika chuma zote mbili kwa pamoja. Hizo ndizo ligandi za daraja.

CO za daraja hutambulikana hata kwa mwanga wa infraredi. CO iliyo huru huonyesha alama kwenye namba 2143. Zilizoshika chuma kimoja katika molekuli hii huonyesha alama zilizopita 2000 kidogo, lakini za daraja hushuka hadi karibu 1830. Maana yake ni kwamba kaboni iliyoshika chuma mbili hulegeza mshiko wake kwa oksijeni.

Sasa tuhesabu tena. Kila chuma kina 8 zake. CO zake tatu huleta 6. Na kila daraja hugawa elektroni zake 2, moja huku na moja huku, hivyo madaraja matatu huleta 3. Jumla ni 17. Imepungua moja! Wataalamu wakasema: basi lazima chuma hizo zishikane zenyewe, kila kimoja kikimwazima mwenziwe elektroni moja, ili 18 itimie. Tena ziko karibu sana. Umbali wake ni kama milimita moja iliyogawanywa mara milioni 4.

Hesabu ilikubali, na vitabu vingi vikachora mstari kati ya chuma na chuma. Lakini mahesabu ya baadaye, yaliyopima elektroni zenyewe zimekaa wapi, yameona kwamba mshiko wa moja kwa moja kati ya chuma hizo ni hafifu sana, na kwamba hasa madaraja ndiyo yanayoziweka pamoja. Hapa pana funzo kwa mwanafunzi. Kanuni nzuri hukuonyesha pa kutazama. Haikuondolei kazi ya kutazama.

Daraja hili halipo katika chupa za maabara tu. Mwaka 1998 eksirei ilionyesha kimeng'enya cha bakteria mmoja wa udongoni, kitumikacho kutengeneza haidrojeni. Ndani yake mna chuma mbili, na kati yake CO ya daraja pamoja na salfa mbili. Kutengeneza haidrojeni kwa umeme, mara nyingi watu hutumia platini, nayo ni ghali mno. Kiumbe huyo hutumia chuma. Ndiyo sababu wakemia wengi wanajitahidi kumwiga.

Zoezi. Molekuli moja ina chuma mbili. Kila chuma kina pete ya kaboni tano iletayo elektroni 5, na CO moja yake peke yake. Kati yake mna CO mbili za daraja. Hesabu elektroni za kila chuma. Kisha jiulize: iliyopungua inatoka wapi, nawe utajuaje?