SOMO LA MWEZI HUU: JE, YAFAA KUNUNUA BUNDUKI MPYA YA UPEPO?

Kila mara bunduki mpya ya upepo itokapo, wenye maduka huisifu kwamba itamaliza ndege na panya. Mkulima wa skimu ambaye mpunga wake umeanza kuweka punje huvutwa upesi na sifa hizo. Lakini kabla ya kutoa fedha yafaa ajue mambo matatu: jinsi bunduki hiyo ifanyavyo kazi, kama italinda mavuno yake, na sheria isemavyo.

Jinsi ifanyavyo kazi

Bunduki hii haina baruti. Ndani yake mna springi nene ya chuma na pistoni. Ukikunja mtutu, springi hubanwa na kushikwa. Ukivuta kifyatulio, springi huachiliwa kwa nguvu, pistoni husukuma hewa, na hewa hutupa risasi ndogo yenye upana wa milimita 4.5 au 5.5. Kwa kawaida, kila ukipiga mara moja sharti uikunje tena.

Faida yake ni kwamba haihitaji pampu wala gesi, na mlio wake ni mdogo. Lakini springi huchoka ikiachwa imebanwa muda mrefu, na ukifyatua bila risasi, pistoni hugonga chuma na kuharibika. Kwa hiyo bunduki ikiwa ni ya aina mpya, muulize mwenye duka kama anazo springi na mipira ya pistoni ya akiba. Kama hana, siku itakapoharibika utabaki na fimbo ya bei kubwa.

Hesabu ya ndege

Chukua mfano wa kwelea, adui wa mpunga huko Mwea na Ahero. Ndege mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi dogo la ndege 1,000 hula basi kilo 10 kwa siku. Tuseme wewe ni mlenga shabaha hodari, nawe umeua ndege 20 tangu asubuhi hadi jioni. Umeokoa gramu 200. Wale 980 waliobaki wamekula kilo 9 na gramu 800.

Tena kumbuka ule mlio mdogo. Kelele za debe huweza kurusha kundi zima, lakini bunduki ya upepo humwangusha mmoja na wenzake huendelea kula. Mwezi wa 1 wa mwaka 2023, yaani Januari, kwelea waliposhambulia mpunga katika Kaunti ya Kisumu, Serikali ilipeleka dawa ya kunyunyizia mahali walipolala. Kazi kama hiyo haiwezekani kwa risasi moja moja.

Yafaayo kufanywa ni haya:

1. Panda wakati mmoja na jirani zako, ili ndege wasikusanyike katika shamba moja lililowahi au lililochelewa.
2. Palilia vizuri, kwa maana mbegu za magugu huwaita ndege.
3. Weka walinzi tangu punje zinapokuwa na maziwa hadi siku ya kuvuna, hasa asubuhi na mapema na saa za jioni.
4. Ukiona mahali ndege wanapolala kwa wingi, mwambie Afisa wa Kilimo mara moja. Ndege waliokufa kwa dawa wasiliwe kamwe.
5. Vuna mara mpunga ukomaapo.

Panya je?

Ni kweli kwamba bunduki hii huweza kumwua panya aliye karibu. Lakini panya hutembea usiku wakati wewe umelala, na mtego haulali. Inua ghala juu ya miguu kiasi cha mita 1, vika kila mguu kofia ya bati, na ondoa takataka kando yake.

Hatari zake

Usiseme, "Hii ni ya watoto." Risasi yake hupofusha jicho, nayo huweza kuua. Ikimkosa ndege huweza kwenda zaidi ya mita 200, na katika mashamba ya mpunga kila upande mna watu walioinama wakipalilia. Tena risasi hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu mwilini, hasa kwa watoto. Nyama iliyopigwa kwa risasi hizo si chakula chema.

Sheria

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yakataza mtu kununua au kuwa na bunduki bila cheti. Sheria hiyo hutazama kama silaha yenye mtutu yaweza kuua, si kama ina baruti. Basi usimsikilize mwuzaji asemaye kwamba ya upepo haihitaji ruhusa. Enda kituo cha polisi ukaulize kwanza, maana maombi hupelekwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha.

Kumbuka pia kwamba uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 huwalinda. Tumbili au swala akiharibu shamba, peleka habari kwa ofisi ya KWS. Hata kwa ndege, uliza kwanza ni aina gani waruhusiwa kuua.

Maswali ya kujiuliza

Andika majibu yako katika daftari kabla ya kwenda dukani:

1. Bei ya bunduki, risasi na cheti ni sawa na magunia mangapi ya mpunga?
2. Bunduki hiyo itaokoa magunia mangapi kwa msimu mmoja?
3. Nyumbani kwangu pana mahali pa kuifungia, mbali na watoto?
4. Fedha hizo zingelipa walinzi wa ndege kwa siku ngapi?

Kama jibu la pili ni dogo kuliko la kwanza, weka fedha zako. Zungumza na jirani zako wa mfereji mmoja, mchange pamoja kwa ajili ya walinzi, nanyi anzeni kabla punje hazijaingia maziwa.