Mwanangu hatulii, nami nimechoka

SWALI: Naishi Mjimwema, Songea. Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Hatulii. Nikimtuma sukari anarudi mikono mitupu, hela hajui ilikodondokea. Shuleni naitwa kila mara. Mama mkwe anasema nimemdekeza, majirani wanasema karogwa, baba yake anasema malezi ni kazi yangu. Juzi nilimchapa mpaka mkono ukaniuma, usiku nikalia peke yangu. Je, mimi ni mama mbaya?

JIBU: Mwanangu, wewe si mama mbaya. Umeelemewa, kwa sababu mzigo wa watu watatu umeubeba peke yako.

Unayoyaeleza yanafanana na tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza, ila barua haitoshi kulithibitisha. Halina kipimo cha damu. Daktari huangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana nyumbani na shuleni. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma, ulizia huduma ya afya ya akili. Beba madaftari yake, na useme kama aliwahi kupata degedege. Wamwangalie masikio na macho pia. Mara nyingi tatizo hili hurithiwa; halitokani na kudekezwa wala kurogwa. Mama mkwe nenda naye, ayasikie kwa daktari mwenyewe.

Fimbo weka chini. Mtoto huyu hasahau kwa kiburi. Mwite karibu, mshike bega, mpe agizo moja tu, alirudie kwa mdomo wake ndipo aondoke. Akileta sukari msifu hapohapo, usingoje jioni. Mwombe mwalimu amkalishe mbele na amtume kufuta ubao akianza kuhangaika. Shuleni nako asichapwe kwa hili: kanuni za viboko za mwaka 2002 zinahusu makosa makubwa ya nidhamu, na haziruhusu kuvuka fimbo nne. Kushindwa kutulia kwenye dawati si kosa kubwa.

Nawe pia ujitibu. Ukiona hulali, huli, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mweleze daktari huyohuyo siku hiyohiyo, bila aibu.

Na wewe baba, mkeo akikuonyesha ukurasa huu, usimjibu kwamba una kazi. Siku ya kliniki mshike mwanao mkono, mwende naye.